Mkono wa Kushoto wa Mama Noela

Hivi wewe msomaji, lile shoka la Benedikto tuliloliacha hewani wiki iliyopita, unadhani liliangukia wapi? Kwenye kidole cha Fredrick, au kwenye gogo la kukatia makongoro?

Halikuangukia kidole wala gogo. Liliangukia simu.

Fredrick alikuwa amelazwa kifudifudi juu ya gogo, mkono wa kulia umebanwa chini ya goti la Benedikto, simu ikiwa bado kiganjani kwa sababu alikataa katakata kuiachia. Shoka liliposhuka aligeuza kiganja kama mtu anayejikinga jua. Kioo kikapasuka, betri ikafuka moshi, na laini ikakatika vipande viwili. Kipande kimoja kikarukia kwenye ndoo ya damu iliyoganda.

Vichwa vya ng'ombe vilivyopangwa kando ya ukuta vilikuwa vimekodoa macho kama vile navyo vimeshangaa.

"Mjomba," akasema Noela, amesimama mlangoni anahema. "Umejua umekata nini?"

"Simu."

"Umekata chuo changu."

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, shika hapa. Noela ni binti wa Filomena na mzee Gervas, wa Manzese. Kidato cha sita alipata divisheni thrii, tena ile ya mkiani, na mtaa mzima ulimcheka alipotamka neno udaktari. Hakubishana na mtu. Akaenda kusini kusomea utabibu ngazi ya stashahada, akakaza msuli, akawapita wenzake wote, akarudi kufanya zamu kwenye zahanati ya Vingunguti. Kwa mlango huo wa uani, mlango halali kabisa ila mwembamba, akaomba kile chuo kikuu ambacho hata wenye divisheni wani huachwa nje wanalia. Akachaguliwa.

Sasa mfumo wa udahili una desturi yake. Ukichaguliwa, unatumiwa namba ya siri kwenye simu, nayo ndiyo unayothibitishia nafasi. Usipothibitisha, nafasi anapewa mwingine. Na maombi ya Noela yalijazwa steshenari kwa Fredrick, pale Manzese, ambaye wateja wake wote huwaandikia namba yake yeye mwenyewe, eti watu siku hizi wanabadilisha laini kama soksi.

Namba ya siri ikaingia kwa Fredrick. Fredrick akagoma kuitoa. Hata kubadili namba ya simu kwenye akaunti hakuwezekani mpaka namba ya siri iingie kwanza kwenye laini ileile ya zamani. Na dirisha linafungwa leo.

Ndipo mjomba Benedikto, kaka yake Filomena, muuza makongoro, miguu ya ng'ombe ya supu, wa Vingunguti, mwenye mkono mnene kama paja la mtu mwingine, alipoamua kulimaliza jambo kwa njia anayoijua. Alimwona Fredrick sokoni akapiga kelele neno moja tu: mwizi. Vijana wakamkamata, wakamletea hadi bandani.

"Laini inarudishwa," akasema Benedikto, kama anayemtuliza mtoto. "Unakwenda kwa wakala, unabonyeza kidole, unapewa laini mpya namba ileile. Mie nishafanya hivyo mara kibao."

"Kidole cha mwenye laini, mjomba."

"Si ndio hiki." Akakishika kidole gumba cha Fredrick, akakinyoosha juu ya gogo kama anavyonyooshaga kongoro kabla ya kuligawa. "Hatuna haja ya kumbeba mtu mzima. Haja yetu ni hiki."

Asicheke mtu. Benedikto hakuwa anatania. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kugawa viungo huona kila kiungo kinajitosheleza.

"Braza Ben, nisikilize," akasema Fredrick, shavu limegandamizwa kwenye mafuta ya gogo. "Kidole kikishakufa mashine haikisomi. Mie nakwenda nacho mwenyewe, nabonyeza, naondoka. Ishu imekwisha."

"Utakimbia."

"Nikimbilie wapi na kitaa kizima umeshakitangazia mie mwizi?"

Benedikto alifikiri kidogo. Kisha akanyanyua shoka tena.

Noela alifika pale kabla halijashuka. Hakumshika mjomba mkono, maana ule mkono haushikiki. Aliweka mkono wake mwenyewe juu ya mkono wa Fredrick, gumba juu ya gumba.

"Kata yote miwili."

"Toa mkono, Noe."

"Kata. Halafu wewe ndiye utakayekwenda kumweleza mama huo udaktari nitausoma na mkono gani."

Shoka lilisimama. Lilisimama chini kuliko unavyodhani, kwa sababu makali yake yalishagusa ngozi, na mstari mwembamba wa damu ukajichora kwenye fundo la gumba la Noela. Benedikto aliuona ule mstari. Akaliteremsha shoka taratibu, akalifuta kwenye aproni yake, jasho linamtoka.

Fredrick akavuta pumzi ndefu, na ile pumzi ikamlevya akasema neno ambalo heri angelimeza.

"Halafu hata mngekikata kisingewasaidia. Laini haijasajiliwa kwa kidole changu."

"Kidole cha nani?"

"Mama yake huyu."

Ngumi ilimkuta mdomoni. Jino moja likatoka likaangukia kwenye gogo, jeupe, na damu nyembamba ikifuata.

"Mtaje tena dada yangu," akasema Benedikto.

"Mwache aseme, mjomba."

Fredrick akatema. Akasema, sasa anatafuna maneno kwa sababu ya pengo. Mwaka jana Filomena alipoteza simu, akaenda kurudishiwa laini kwenye mwavuli wa Fredrick, maana kando ya steshenari Fredrick alikuwaga pia wakala wa laini. Akabonyeza kidole, mashine ikakubali. Fredrick akamwambia, mama bonyeza tena, ya kwanza haijasoma. Akabonyeza tena. Kwa ule mbonyezo wa pili Fredrick akajisajilia laini ya ziada, jina la Filomena, matumizi ya Fredrick.

"Mawakala wote tunafanyaga," akasema. "Si mie peke yangu."

Noela alibaki ameshika mkono wake unaovuja. "Kwa hiyo namba yangu ya siri imeingia kwenye laini ya mama yangu mzazi."

"Ndio. Na si hilo tu. Kamuulize mama yako kwa nini mie nili..."

Ngumi ya pili ikaikata sentensi. Benedikto hakupenda mtu mwenye damu mdomoni kumtaja dada yake mara tatu.

Laiti angeiacha ile sentensi ifike mwisho. Lakini nje kulishakuwa na sauti.

"Mwizi yuko wapi?"

Neno mwizi ni kama kuku aliyefunguliwa. Kulitoa ni rahisi. Benedikto alilitoa sokoni mara moja tu, likatembea lenyewe likapita kwenye mabanda ya ngozi, kwenye vibanda vya supu, kwa waosha utumbo, na kila lilipopita liliongezeka. Hapa lilikuwa simu moja, pale simu tatu, kule pikipiki. Sasa lilirudi mlangoni likiwa na watu, na watu wale walikuwa na fimbo, mawe, na kijana mmoja alikuwa amevaa tairi begani kama mkoba.

Mbele yao alikuwa Suhaib, muuza ngozi, mrefu, mwenye nondo mkononi. Suhaib aliibiwa simu juzi.

"Shikamoo braza Ben."

"Marahaba. Rudini. Huyu si mwizi, nilikosea."

"Ulikosea vipi na wewe mwenyewe umeshamtoa jino?"

"Ni mambo ya familia."

"Basi na sie ni familia," akasema Suhaib, na nyuma yake watu wakacheka kicheko kibaya. "Umeshakula sehemu yako. Tuachie na sie tuonje."

Benedikto akasimama mlangoni akauziba wote. Nondo ya kwanza ilimpiga begani. Hakuyumba. Ya pili ilimpata mbavuni, na hapo wote wakasikia kitu kimelia ndani kama kuni kavu. Akainama, akaokota ile ndoo ya damu, akawamwagia usoni. Watano sita wakarudi nyuma wanapapasa macho, wanatukana mama wa watu. Benedikto akampata mmoja kwa kichwa, mwingine akamnyanyua kwa mkanda akambwaga juu ya vichwa vya ng'ombe. Pembe ikamchana yule mtu shati na mgongo.

Lakini banda lilikuwa na tundu nyuma, pale wanapotolea mifupa. Kijana mmoja aliingilia huko na kisu cha kuchunia. Noela alimwona amechelewa. Kisu kilipita mara moja kwenye mkono wa Fredrick, chini kidogo ya kiwiko, kikazama, kikatoka, na damu haikutiririka. Iliruka. Ikaruka ikapiga bati, ikanyamaza, ikaruka tena.

Yule kijana mwenyewe alipoona inavyoruka akadondosha kisu akatoka alikoingilia.

Noela alivua mtandio kichwani. Akauzungusha juu ya kiwiko, akafunga fundo, akatafuta kitu cha kusokotea, akaona upawa wa supu. Akauchomeka kwenye fundo akasokota. Fredrick akalia kama mbuzi. Akasokota tena. Damu ikapungua kuruka, ikawa inachuruzika, ikakata. Ndipo akainuka, mikono myekundu hadi kwenye viwiko, akatoka hadi mlangoni akasimama chini ya kwapa la mjomba wake.

"Suhaib."

Nondo ilikuwa juu. Ikabaki juu.

"Nani aliyekushona hicho kichwa mwezi uliopita pale zahanati?"

Suhaib akafuta damu ya ng'ombe machoni, akamkazia macho. "Sista Noela?"

"Ni mie. Nilikwambia usiguse pombe mpaka kidonda kipone. Hapa nilipo naisikia harufu yake."

Nyuma mtu akacheka, na safari hii kilikuwa kicheko kingine.

"Huyu ndani anaitwa Fredrick. Hajaiba simu yako. Akifa, polisi wataniuliza mie, na mie nazijua sura zenu zote, nyingi nimezishona. Sasa amua. Nikutaje kwenye jalada, au nikushone tena siku nyingine?"

Suhaib akateremsha nondo. Akamtazama yule mwenye tairi begani. "Oya, kalirudishe tairi la watu." Kisha akageuka kwa Benedikto, ameinamisha kichwa kidogo. "Samahani mbavu, braza."

"Zitapona," akasema Benedikto, na hapo ndipo alipokaa chini kwa mara ya kwanza.

Hospitali Fredrick aliikataa. "Watataka PF3, ile fomu ya majeruhi. PF3 iko polisi. Polisi wataanza kuuliza habari za laini, na mie nafungwa." Noela akalegeza mtandio, akaona damu imetulia, akakikandamiza kidonda kwa kitambaa safi cha kufungia maini, akakifunga vizuri. Nyuzi zingemsubiri jioni. Benedikto akalitia shoka na visu vyake viwili kwenye mfuko wa salfeti, akautundika begani, bega lile zima. Noela alimwambia auache.

"Nimwachie nani? Hawa?"

Wakapanda bajaji wote watatu, dereva akawatazama walivyolowa akaomba alipwe kabla.

Manzese waliwasili jua likiwa limeanza kuelemea upande. Filomena alikuwa kwenye meza yake ya samaki wa kukaanga, karibu na kituo cha mwendokasi, mwanamke mwembamba, kanga imefungwa begani, karai mbele yake. Samaki aliwageuza kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji kuanzia kwenye vidole hadi juu ya kifundo. Bandeji hiyo aliifunga Noela juzi, alipotoka zamu ya usiku akamkuta mama yake amekaa gizani, akaambiwa karai liliteleza.

Filomena akamwona kaka yake, nguo zote damu. Akaacha kugeuza samaki.

"Ben, umeua?"

"Bado."

"Shikamoo mama," akasema Noela. "Tunakuhitaji kwa wakala. Laini ya Fredrick iko kwa jina lako. Ukibonyeza kidole tu, namba ya siri napata."

Tazama sasa. Mama mwingine angerusha samaki juu. Filomena alifuta mkono wa kushoto kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole. Akamtazama Fredrick. Fredrick akatazama chini.

"Nitabonyezaje na mkono huu?" akasema, akaonyesha bandeji.

"Si una mwingine, Filo," akasema Benedikto. "Twende."

Wakala alikuwa hatua chache tu, msichana aitwaye Demetria, amekaa chini ya mwavuli anamenya karanga. Aliwapokea kama vile kila siku huletewa watu waliochinja.

"Namba ya kitambulisho cha NIDA mama. Haya. Leta kidole. Huu mkono una nini?"

"Umeungua."

"Tujaribu kidogo, wakati mwingine inakubali."

Noela akafungua bandeji mwenyewe. Vidole vilikuwa vimemenyeka, vyekundu na vyeupe, vinang'aa maji. Demetria aliacha kutafuna. Akakiweka kidole cha shahada juu ya kioo kwa upole kama anaweka yai. Mashine ikakataa. Akajaribu gumba. Ikakataa.

"Hapa hakuna alama mama, imeondoka yote. Lete wa kushoto."

Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaingia ndani ya kanga. Haukutoka.

"Mama?" akasema Noela.

"Ngoja kwanza."

"Tungoje nini? Wakifunga mfumo nafasi imekwenda."

Na hapo Noela, akiwa bado ameushika ule mkono ulioungua, akauona upya. Juzi aliuosha, akaupaka dawa, akaufunga, na jicho lake liliona kitu ambacho moyo haukutaka kukisoma. Mafuta yakiruka huacha matone, moja hapa, moja pale. Karai likiteleza humwagikia mapaja, humwagikia miguu. Mkono huu haukuwa na tone hata moja. Uliungua wote, sawasawa, ukaishia kwenye mstari mmoja ulionyooka juu ya kifundo, kama mtu aliyevaa glovu.

Mkono huu ulizamishwa, na ukashikiliwa humo.

"Mama Noela, waambie basi," akasema Fredrick ghafla. Alikuwa ameegemea nguzo, uso umekuwa kijivu. "Mie nimeng'olewa jino, nimechanwa mkono, nimetukanwa mwizi. Siri ni yako, kipigo kimekuwa changu."

"Siri gani?" akauliza Benedikto.

"Siku namba ilipoingia mama alikuja kwangu. Akaniambia nisiitoe hata Noela akilia. Akanipigia magoti, braza. Mtu mzima, mama wa watu, kwenye sakafu ya steshenari. Ningefanyaje?"

Benedikto akamgeukia dada yake. "Filo. Wewe ndiye uliyeficha?"

Filomena alishageuza uso. Alikuwa anatazama ng'ambo ya njia.

Huko ng'ambo, kwenye karakana ya kuchomelea mageti, mtu mmoja alikuwa amezima mashine yake. Alipandisha miwani myeusi kwenye paji la uso, akafuta mikono kwa kitambaa, akavuka akiwasalimia waendesha bodaboda kwa majina. Mzee Gervas. Mtu mpole wa sauti, anayepitisha kikapu cha sadaka kanisani, ambaye ukimpa geti lako alikarabati hukwambia Mungu akubariki kabla hujasema asante.

"Kuna nini huku? Filo, samaki umemwachia nani?"

"Shikamoo baba."

"Marahaba, daktari wangu." Akamtazama Benedikto. "Shemeji, leo umechinja kwa kifua? Damu gani hiyo?"

"Ya kazi," akasema Benedikto.

Gervas akaushika mkono ulioungua, akaugeuza kwenye mwanga, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Nimemwambia siku zote awe mwangalifu na lile karai. Hasikii mama yenu huyu."

Mabega ya Filomena yalipanda juu, yote mawili, kama kuku anayeona kivuli cha mwewe. Yalipanda tu.

Noela akaona. Akapiga hatua moja akasimama katikati ya baba yake na mama yake, kama mtu anayepisha pikipiki. Mabega ya mama yake yakashuka.

Akarudi pembeni. Yakapanda.

Akasimama tena katikati, na safari hii hakuondoka.

"Ben," akasema Filomena. "Nipe huo mfuko wako."

"Wa nini?"

"Unavuja damu kwenye meza ya msichana wa watu. Nipe."

Benedikto akautua, akampa. Filomena akaupokea kwa mkono wa kushoto, mzito, shoka na visu vinagongana ndani. Akauweka juu ya kigoda, akaukalia. Akajiweka sawa kama mama aliyekuja kusukwa nywele. Kisha mkono wa kushoto, ule mzima, akaunyoosha mbele ya Demetria.

"Haya. Kidole gani?"

"Chochote mama."

Akabonyeza. Taa ikawaka kijani. "Imekubali," akasema Demetria, kwa sauti ya chini, maana naye alishaanza kuelewa yuko kwenye jambo gani. Akatoa laini mpya, akaichomeka kwenye simu ya Noela. Mtandao ulijivuta, ukatafuta, ukashika. Noela akaomba namba ya siri upya. Simu ikatetemeka. Ujumbe uliingia.

Akaiandika namba. Kwenye kioo kikabaki kitufe kimoja tu, kimeandikwa Thibitisha, na jina la chuo kile juu yake. Divisheni thrii ya mkiani, kicheko chote cha mtaa, miaka yote ya kusini, vyote vilikuwa chini ya gumba lake lililochanwa na shoka.

"Hongera sana," akasema Gervas, akamwekea binti yake mkono begani. "Na huko mtalala chuoni, au utakuwa unatoka nyumbani?"

"Chuoni, baba. Ni lazima."

"Vizuri. Vizuri zaidi." Akatabasamu, akamtazama mke wake kupitia juu ya bega la Noela. "Utapata utulivu wa kusoma. Nyumbani usiwe na wasiwasi. Mama yako nitabaki naye mie."

Filomena akautazama mkono wa mumewe uliokuwa begani kwa mwanawe. Akamtazama kaka yake, mbavu zimevunjika, mikono mitupu. Akajikandamiza zaidi juu ya mfuko, akazishika kingo za kigoda kwa mkono wake mmoja mzima, na alipofungua kinywa sauti yake haikutetemeka, ilitoka kavu na ya wazi, wakasikia wote, Benedikto, Fredrick, Demetria, hata waendesha bodaboda.

"Namba niliificha mie. Nilitaka ubaki, Noela. Siku unazolala nyumbani ndizo siku pekee ambazo baba yako hanipigi."